Mama wa Kwenye Televisheni

Simu ya binti yangu ilikatika katikati ya neno. Alikuwa anasema, "Mama, maji yameshapita kitanda, tunapanda ju—" kisha kimya. Nikapiga tena, yule mwanamke wa mitambo akaniambia namba ninayopiga haipatikani. Nikarudia, naye akarudia, kwa sauti ileile ya upole, kama mtu asiyedaiwa haraka na yeyote.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na asubuhi hiyo haikuonyesha dalili ya kuchoka. Mimi nakaa mtaa wa juu, nyumbani kwa mwanangu wa kiume. Binti yangu alikuwa amepanga chini bondeni, karibu na mto. Ni fundi cherehani, na watu wote, hata mimi niliyemzaa, tunamwita Fundi. Mumewe ni dereva wa malori, mtu wa safari ndefu, na wakati huo alikuwa mbali, nje ya nchi. Kwa hiyo mle ndani walikuwa wawili tu, Fundi na mwanawe wa kike, mjukuu wangu wa pekee.

Mtoto huyo tulimpa jina la Bi Mkubwa. Alikuwa hajafikia umri wa kuongea sawasawa, lakini kuamrisha alikujua. Akikitaka kiti chako anakukazia macho mpaka unainuka mwenyewe. Mjomba wake akienda kuwatembelea, anamwonyesha kidole sakafuni, maana yake piga magoti hapo, nipande. Na mjomba, mtu mzima na ndevu zake, anapiga magoti.

Mjomba mwenyewe ndiye huyo mwanangu ninayekaa kwake. Anaitwa Waya tangu utotoni, kwa tabia yake ya kufungua redio za watu na kushindwa kuzifunga. Anafanya kazi kwenye televisheni ya mji wetu, kituo kidogo kilichopanga ghorofani, juu ya duka la magodoro. Hatangazi, wala uso wake hauonekani. Anakaa kwenye chumba chenye baridi kali na skrini nyingi, na kazi yake ni kuchagua picha ipi iende hewani na maneno gani yaandikwe pembeni. Siku ile aliondoka alfajiri. Mvua kubwa ikija, kile kituo hakilali. Watu ambao mwaka mzima hawana habari nacho, siku hiyo wote wamekikodolea macho.

Jirani yangu, Mama Mkaa, alikuja kukaa nami. Aliingia amejifunika gunia kichwani.

"Mkaa wangu umekuwa uji," akasema. "Nimeuacha uogelee wenyewe. Fundi amepiga?"

"Amepiga, akakatika."

Akavua gunia, akaketi karibu yangu, tukatazama televisheni.

Walikuwa wanaonyesha mto kutoka darajani. Si mto tena, ilikuwa ni ardhi nzima inatembea, rangi ya udongo, imebeba magogo, mitungi, banda la kuku zima. Mapaa ya nyumba yalionekana juu ya maji kama vifuniko vya masufuria. Picha ikasogea polepole, ikafika kwenye paa moja jekundu, ikasimama hapo. Juu ya paa kulikuwa na mwanamke. Mgongoni ana mtoto, amemfunga kwa kanga ya njano yenye maua meusi, na mkononi anapunga kitambaa kirefu cheupe.

"Si Fundi huyo?" Mama Mkaa akasema.

Nilikuwa nimeshasimama. Kanga ile nilimpa mimi. Na kile kitambaa cheupe nilikijua pia, gauni la harusi la mteja wake mmoja, alikuwa bado hajalitia mikono. Wamechukua roho zao na gauni la watu.

Nikampigia Waya. Alipokea kabla simu haijaita vizuri.

"Mama, nimemuona. Nimemuona kabla yako."

"Wamfuate, mwanangu! Waambie wamfuate!"

"Ndiyo ninachofanya. Usinililie kwenye simu, Mama, niache nifanye kazi."

Akakata. Na kweli, kuanzia hapo picha haikutoka. Mtangazaji, msichana mwenye sauti nzuri, alikuwa anaomba, "Kama kuna mwenye boti, kama kuna kiongozi anayetusikia, mama huyu na mtoto wake wapo juu ya paa, wanahitaji msaada sasa hivi." Pembeni, kwa herufi nyekundu, liliandikwa neno MUBASHARA. Neno hilo nalijua. Maana yake jambo linatokea wakati huohuo unapolitazama.

Basi nikatulia kidogo. Nitasema nini? Mtoto wako yuko hatarini, lakini unamwona. Anasimama, anapunga. Mjukuu anachungulia begani. Nilivuta kigoda nikasogea karibu na kioo, karibu kabisa, mpaka Mama Mkaa akaniambia, "Mwenzangu, utaingia humo."

Baba mtoto akapiga simu kutoka huko aliko. Mawimbi yalikuwa mabaya, anasikika kama yuko ndani ya pipa. "Mama mkwe, wanasema mji umezama. Wangu wako wapi?"

"Nawatazama hapa," nikamwambia. "Wako juu ya paa, wazima. Nawaona kwa macho yangu, mubashara. Boti inakwenda."

"Bi Mkubwa analia?"

"Halii. Unamjua, labda anawapangia waokoaji kazi."

Akacheka, yule mwanamume, kicheko cha mtu aliyeshushiwa mzigo. Akasema atapiga tena akipata mtandao.

Saa zilikwenda. Mama Mkaa alichemsha chai, ikapoa bila kunywewa. Picha inaendelea. Fundi anainua kitambaa, anageuka upande wa kushoto, mtoto anatoa mguu mmoja nje ya kanga, picha inaruka kidogo. Halafu Fundi anainua kitambaa, anageuka upande wa kushoto, mtoto anatoa mguu.

Mama Mkaa ndiye aliyelisema. "Hivi kule bondeni mvua hainyeshi?"

Nikatazama. Dirishani kwetu mvua ilikuwa inapiga kama mtu anamwaga kokoto. Kwenye kioo, juu ya paa jekundu, ilikuwa manyunyu tu, ya kama asubuhi.

Nikampigia Waya tena. "Mwanangu, hiyo picha ni ya sasa?"

Nyuma yake zilikuwa zinaita simu nyingine, na mtu anagomba kuhusu mafuta ya jenereta.

"Mama, yupo palepale. Angekwenda wapi? Kila upande ni maji. Boti imeshatoka, nimewaelekeza mimi mwenyewe, paa jekundu nyuma ya mashine ya kusaga. Vumilia kidogo tu."

Nikavumilia. Ndicho nilichokuwa nacho.

Mchana picha ikabadilika. Mpiga picha alikuwa amerudi karibu na daraja, na sasa mvua kwenye kioo ilikuwa ndiyo mvua yetu, nzito, nyeupe. Boti ya mpira ilionekana na waokoaji wenye makoti ya rangi ya chungwa. Ilipita kando ya mashine ya kusaga. Nyuma ya mashine kuna ghala la nafaka lenye paa la zege, na juu ya zege hilo walikuwa wamejazana watu, vichwa vyeusi tu na mikono juu. Boti ikapunguza mwendo hapo, mtu mmoja ndani yake akanyanyua mkono, kisha ikaongeza, ikapita.

"Na wale je?" Mama Mkaa akauliza.

"Watarudiwa," nikasema.

Mtangazaji alikuwa anasema kwa furaha kwamba waokoaji sasa wanaelekea kwa yule mama na mtoto wake. Boti ikazunguka, ikafika. Paa jekundu lilikuwa limenyanyuka upande mmoja kama ukurasa wa kitabu. Kitambaa cheupe kilikuwa kimenasa kwenye msumari, kinapepea majini. Mtu hakuna.

Picha ikabaki pale, juu ya bati tupu, muda mrefu kuliko inavyovumilika. Halafu likaingia tangazo la magodoro. Baba, mama na watoto wanarukaruka juu ya godoro, wanacheka, na muziki.

Mimi sikupiga kelele. Nilikaa chini, sakafuni, nikasikia Mama Mkaa ananiita kutoka mbali ingawa mkono wake ulikuwa begani kwangu. Alizima televisheni kwa kuchomoa waya ukutani. Akaniambia, "Simama. Hatujaona maiti, tumeona bati. Wanaookolewa wanapelekwa shuleni. Twende tukatazame kwa miguu yetu."

Tulikwenda kwa miguu, njia ya juu, tumeshikana mikono kama watoto wa chekechea, maana matope yalikuwa yanateleza. Njiani kila tuliyekutana naye alikuwa na habari. Mmoja akasema ghala la mashine limeanguka. Mwingine akasema boti imenasa matambara kwenye injini, imesombwa mpaka kwenye mashamba ya miwa. Wa tatu, mwanamke amebeba jiko la gesi kichwani, akatuuliza, "Mmesikia yule mama wa kwenye televisheni amefariki? Na mtoto wake." Mama Mkaa akamjibu, "Pita na jiko lako, mama. Pita."

Shuleni madawati yalikuwa yamesukumwa ukutani na watu wameketi sakafuni, darasa kwa darasa, wananuka mto. Nilichungulia la kwanza, la pili. Katika darasa lenye picha za wanyama ukutani nikamwona binti yangu. Ameketi chini, amevaa koti la mwanamume, nywele zimejaa mchanga, mikono ameiweka mapajani viganja juu.

"Fundi!"

Aliinua macho. Nilimshika uso, mabega, nikazungusha mkono mgongoni kwake kama kila mama angefanya, na mkono wangu ukakuta koti tu.

"Hayupo, Mama," akasema. "Usimtafute hapo."

Nilikaa naye. Mama Mkaa akakaa upande wa pili, tukambana katikati ili apate joto. Hakulia. Alieleza taratibu, kama anayetoa maelekezo ya mshono.

Bati lilianza kunyanyuka asubuhi ileile, muda mfupi baada ya kumwona mtu mwenye kamera darajani. Vijana wa mashine ya kusaga wakamrushia kamba kutoka juu ya ghala, wakamvuta yeye na mtoto. Pale juu ya zege walikuwa wengi, wazee, watoto, mbuzi mmoja. Walikaa wakisubiri. Hatimaye wakaiona boti.

"Tukapiga kelele, Mama. Ikaja karibu kabisa, yule wa mbele namwona mpaka meno. Akasema, 'Subirini, tumetumwa kwa mama wa kwenye televisheni, yule wa paa jekundu, mwenye mtoto.' Nikamwambia, ndiye mimi! Paa jekundu ni kwangu! Mtoto huyu hapa!"

"Akasemaje?"

"Wenzangu waliposikia anatafutwa mama mwenye mtoto, kila mwenye mtoto akasema ni yeye. Mimi! Mimi! Hata bibi mmoja mwenye mjukuu alisema ni yeye. Ungefanyaje, Mama? Hata mimi ningesema. Yule mtu akatikisa kichwa, akasema, 'Leo kila mtu ni mama wa televisheni. Yule wa kweli yuko kwenye paa sasa hivi, tumetoka tumemwacha anaonekana hewani. Tukimtoa, tunarudi.' Wakaondoka. Sisi tukabaki."

"Halafu?"

"Halafu ghala likaondoka chini yetu."

Alifungua viganja na kuvifunga. "Mimi nilitolewa na vijana wa mashine, peke yangu. Fundo la kanga nililifunga mimi mwenyewe. Lilivyofunguka sijui. Mimi, Mama, kazi yangu ni kufunga vitu visifunguke."

Mama Mkaa alianza kulia kwa ajili yetu sote.

Waya alikuja jioni, kabla giza halijaingia. Alikuwa ametoka kazini bila kuaga, koti la kituo bado analo, limeandikwa jina la kituo mgongoni, na watu mle darasani walimtazama kwa chuki kidogo na tamaa kidogo, kama anavyotazamwa mtu wa televisheni. Alipomwona dada yake yuko hai alipiga magoti palepale mlangoni. Kisha akaona jinsi alivyoketi. Akaelewa.

"Bi Mkubwa?"

Mimi ndiye niliyetikisa kichwa.

Aliketi, amekumbatia magoti yake. Nilidhani atalia, lakini alianza kusema, na alisema yote bila kuulizwa. Kwamba mpiga picha alisimama darajani kitambo kidogo tu, askari wakamfukuza kwa sababu daraja lilikuwa linatikisika, akarudi kituoni na kile kipande. Kwamba yeye ndiye aliyekiweka kirudie, na kirudie tena, na akaandika MUBASHARA.

"Boti ni chache," akasema. "Zinapelekwa kwa anayeonekana. Nimekaa kile chumba miaka yote, najua. Ukiandika picha ya asubuhi, mkubwa mwenye boti anasema ah, hao watakuwa wameshatolewa, anageukia kwingine. Mtangazaji aliniuliza, hii ni ya sasa? Nikamwambia soma. Mkuu wa zamu alijua, akatazama pembeni, simu zilikuwa zinaita na watu wote wako kwetu. Nilitaka wakufuate wewe, dada. Wewe tu. Nikasema nikishikilia hiyo picha hewani, boti lazima ije."

"Ilikuja," Fundi akasema.

Mama Mkaa aliinuka akaenda kutafuta maji ya kunywa, ingawa tulikuwa nayo. Mle darasani kuna mtoto wa watu alikuwa anaimba peke yake, anahesabu wanyama wa ukutani. Mimi niliwatazama wanangu wawili, huyu hapa na yule pale, na mkono wangu haukujua uende kwa nani.

Fundi akamgeukia kaka yake. "Hiyo picha bado unayo?"

"Ipo."

"Anaonekana vizuri?"

"Anaonekana. Mguu, na uso pale anapochungulia."

"Mimi simu yangu imezama na picha zake zote. Hiyo ndiyo iliyobaki. Iweke tena. Lakini andika ukweli. Andika ni ya zamani, andika mtoto anatafutwa, kwa yeyote aliye huko mto unakoelekea."

"Dada, nisikilize..."

"Sitaki maneno, kaka. Nataka mtoto wangu nimzike."

Asubuhi iliyofuata Waya alirudi kituoni. Alinisimulia baadaye kwamba mkuu wa zamu hakutaka. Alimwambia ile picha imeshachoka, watazamaji wanataka mapya, na kuna mheshimiwa anakuja kwa helikopta kutazama mafuriko, kamera zote ziende huko. Waya akamwambia, "Jana haikuchoka." Wakatazamana. Mkuu wa zamu naye ana watoto. Akatoka kwenda kuvuta sigara, akauacha mlango wazi.

Ilikwenda hewani. Mama Mkaa alituletea simu yake shuleni tukaitazama humo. Paa jekundu, kanga ya njano, mguu. Chini yake maneno makubwa: PICHA YA JANA ASUBUHI. MTOTO HUYU ANATAFUTWA. Na namba ya simu ya Waya mwenyewe.

Watu walipiga. Wengi walipiga kutukana. "Jana mlisema mubashara, leo mnasema amepotea. Mnatuona wajinga?" Mmoja akauliza kama kuna zawadi. Mwingine, mama mtu mzima, alipiga akiomba na picha ya ndugu yake iwekwe, alikuwa juu ya lile ghala. Waya akamuuliza kama ana picha yake. Hakuwa nayo. Yule mama akasema, "Basi nyinyi asiye na picha kwenu si mtu." Waya alimjibu kwamba ataliandika jina la huyo ndugu, na akaliandika, lakini aliniambia sauti ya yule mama haijamtoka masikioni.

Halafu akapiga mfyatua matofali mmoja, kutoka mbali huko mto unakotulia. Hakusema mengi. Alisema, "Hiyo kanga ninayo hapa. Njooni."

Tulikwenda na gari la mkaa, Mama Mkaa alilipata kwa wafanyabiashara wenzake. Fundi alikaa mbele na dereva, sisi nyuma juu ya magunia. Barabara ilikuwa imeliwa sehemu nyingi, tunashuka, tunasukuma, tunapanda. Waya alisukuma kuliko wote. Simu yangu nilikuwa nimeishika mkononi, baba mtoto alikuwa bado hajapiga tena.

Mahali penyewe ni uwanja wa matofali, matofali mabichi yamepangwa mistari chini ya mabanda ya nyasi, mengi yamerudi kuwa udongo. Mfyatua matofali alikuwa mzee mwembamba, miguu imepauka kwa tope. Alitupokea kwa mikono miwili. Mkewe alimchukua Fundi pembeni, akampa kiti.

"Nilimfunika na turubai la matofali," mzee akasema. "Ndilo lilikuwa safi. Mke wangu amemfuta uso."

"Mlimpata leo?" nikamuuliza.

"Jana, mama. Jana alasiri, maji yalimleta." Alijikuna shingo, akatazama chini. "Ningepiga jana ileile. Jioni nilikwenda kibandani kutazama habari, nikaiona kanga hii hii kwenye televisheni, na mtoto hai, anatingisha mguu. Imeandikwa mubashara. Nikamwambia mke wangu, namshukuru Mungu, si yule, yule yuko paani anaokolewa. Kanga zinafanana. Basi nikakaa naye hapa usiku, nikijiuliza huyu ni wa nani, mbona hatafutwi."

Waya alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilimsikia anavuta pumzi. Jioni ya jana hakuwa kazini, alikuwa na sisi shuleni. Wenzake waliichukua picha kama ilivyokwenda hewani asubuhi, na neno lile lilikuwa limeshagandia ndani yake, halitoki. Wakaiweka kwenye taarifa ya jioni. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kufikiri.

"Si kosa lako, baba," nikamwambia yule mzee. "Wewe umemlinda."

Fundi aliinuka kwenye kiti. Nilidhani atamgeukia kaka yake, na nilijiandaa kusimama katikati. Lakini alimwendea yule mzee.

"Nionyeshe ulipompata."

Mzee akamtazama mkewe. Mkewe akaitikia kwa kichwa. Tukaenda wanne, mimi nimemshika Fundi kiwiko. Si mbali, chini kidogo ya mabanda, mahali mto umepiga kona na kutupa matete, chupa, ndara za watu. Mzee akaonyesha.

"Alilalaje?"

"Ubavu, mwanangu. Kama mtoto aliyesinzia."

Sijui kama ni kweli au alituhurumia. Fundi alipatazama mahali pale, kisha akachuchumaa, akakandamiza kiganja kwenye tope na kukiacha hapo kitambo. Mvua ilikuwa imeanza upya, manyunyu. Akajifuta mkono kwenye koti, tukapanda.

Waya hakuja na sisi. Tuliporudi alikuwa amesimama kando ya gari, amemshika mtoto mikononi ndani ya lile turubai, hajui amweke wapi. Nyuma kuna magunia yamelowa na vumbi la mkaa. Mama Mkaa alikuwa anajaribu kuyapanga, anayageuza huku na huku, anatafuta lililo kavu, na hakuna lililo kavu. Waya alipomwona dada yake anakuja alirudi hatua nyuma, kama mtu aliyekamatwa na kitu kisicho chake.

"Dada..."

Fundi alifika mbele yake. Alifunua pembe ya turubai, akatazama muda mrefu, akatengeneza kanga shingoni kwa mtoto, akaifunika tena pembe ile. Kisha akafungua mlango wa mbele wa gari, ule wa upande aliokuwa amekaa yeye.

"Ingia," akamwambia. "Kaa naye mbele, asilowe."

Na yeye akapanda nyuma, akakaa karibu yangu juu ya mkaa.